Mizani Iliyosimama

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mwili ukawa ni amana kwake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika miji ya pwani wamekuwa wengi wanaume walioonywa na tabibu juu ya unene wao. Mmoja huambiwa kuwa shinikizo la damu yake limepanda, mwengine huambiwa kuwa ana maradhi ya sukari, na mwengine hajaambiwa neno, illa magoti yamemshinda hatta akawa anasali juu ya kiti na umri wake haujatimia miaka 50. Basi mtu huyo hushika njia. Huacha mahamri ya asubuhi, hupunguza wali wa usiku, na baada ya sala ya alfajiri hutoka kutembea ufuoni badala ya kurudi kulala. Wiki ya kwanza hupanda juu ya mizani akaona zimeondoka kilo 2, na wiki ya pili kilo 1 tena. Akafurahi, akawapa khabari wenziwe barazani. Kisha katika wiki ya tano au ya sita mizani husimama. Hupanda leo, hupanda kesho, hesabu ni ile ile. Na huenda ikazidi nusu kilo, na yeye hakuongeza hata tonge moja.

Hapo ndipo wengi huharibikiwa, na kuharibikiwa kwao ni kwa namna mbili. Mmoja hukata tamaa, akasema kuwa ndivyo alivyoandikiwa, akairudia sahani yake ya kwanza na juu yake akaongeza. Wa pili hughadhibika na mwili wake: huacha chakula cha mchana, kisha cha usiku, kisha hunywa sanamaki kila anapolala ili tumbo litoke lote. Na wote wawili wamekosea kabla ya kutenda jambo, kwani wameisoma mizani na hawakujua inapima nini.

Mwanadamu ana akiba mbili katika mwili wake. Moja ni sukari iliyofungwa katika ini na katika nyama za viungo, nayo kwa mtu mzima hukaribia nusu kilo; na kila gramu moja ya sukari hiyo hushikana na maji kama gramu 3. Mtu akipunguza kula, akiba hii ndiyo itumikayo kwanza, na maji yaliyofungana nayo hutoka kwa haja ndogo. Basi zile kilo za wiki mbili za mwanzo, nyingi zake zilikuwa ni maji. Akiba ya pili ni mafuta, nayo haina haraka. Chakula hupimwa kwa kalori, nacho ni kipimo cha moto unaopatikana kikiungua mwilini. Na kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori kama 7,700. Mtu aliyepunguza kalori 500 kila siku, na hilo si dogo, atahitaji siku 15 kwa kilo moja. Basi anayeilinganisha wiki ya sita na wiki ya kwanza amelinganisha mafuta na maji.

Tena maji hayo hurudi na kuondoka. Mtu akila usiku mmoja papa mkavu au ng'onda kwa wingi, chumvi yake huzuia maji, na asubuhi mizani ikaonyesha kilo nzima ambayo si ya mafuta. Nyama za miguu zisizozoea kutembea nazo hushika maji zinapoanza kazi. Huenda basi mafuta yakawa yanaondoka, na maji yameingia mahali pake, na mizani ikatulia kana kwamba hapana lililotendeka. Kwa hivyo apate kipimo cha pili, nacho ni utepe wa fundi wa nguo: ajipime tumbo mbele ya kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na aandike. Ikiwa mizani imesimama na utepe unapungua, hakusimama huyo. Na aliyeacha wakati huu ameacha kazi iliyokuwa ikienda.

Lakini ikiwa mizani na utepe vyote vimesimama mwezi mzima, basi ni kweli kuwa chakula kinachoingia kimekuwa sawa na kinachoungua. Na hapa pana sababu ya mwili na sababu ya nafsi.

Sababu ya mwili ni kuwa mwili mwepesi hutumia kidogo kuliko mzito, kama jahazi lisilo na shehena. Na zaidi ya hayo, mwili uliopunguziwa hujifunga mshipi. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, nchi ya Marekani, walikuwako wanaume 36 waliojitolea kupewa nusu ya chakula chao kwa wiki 24, katika mwaka 1945. Walipoteza kama robo ya uzito wao, na moto wa miili yao katika mapumziko ukashuka kupita kiasi cha uzito uliopotea. Wakawa wanaona baridi, na fikira zao zote zikawa juu ya chakula. Na hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kuwa kila kilo moja aliyopungukiwa mtu humwongezea hamu ya kula ya kadiri ya kalori 100 kwa siku, na moto wa mwili hupungua kalori kama 20 au 30 tu. Ikajulikana kuwa njaa ndiyo yenye nguvu zaidi katika kumrudisha mtu nyuma, nayo huongezeka polepole hatta mwenyewe asiitambue.

Na sababu ya nafsi ni hisabu. Mwaka 1992 wataalamu wa New York waliandika khabari za watu 10 waliokuwa wakishikilia kuwa hawali kalori 1,200 kwa siku na wala hawapungui. Wakapimwa kwa maji yenye alama yanayoonyesha moto halisi wa mwili. Ikaonekana kuwa miili yao haina kasoro. Ila katika chakula walichokula, karibu nusu hawakuitaja, na kazi waliyoitaja ilizidi kwa nusu ile waliyoifanya. Haifai kusemwa kuwa watu hao walikuwa waongo. Mwanadamu hukumbuka sahani aliyoikalia, na hasahau kitu upesi kama kile alichokila akiwa amesimama.

Na apitishe hisabu hiyo mtu wa pwani katika siku yake. Chai aliyoinywa nyumbani ina vijiko 3 vya sukari, ya dukani 3, ya barazani baada ya alasiri 3, na mbili za usiku kwa wageni; jumla ni vijiko 15. Kijiko kimoja ni gramu 4, basi ni gramu 60 za sukari, nazo ni kalori 240. Mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima kwa mwendo wa wastani huunguza karibu hizo hizo. Amekwenda ufuoni akarudi, na chai imemlipa alichokitoa, na hilo ni kabla ya kaimati mbili alizozichukua kwa kuwa sahani ilipita mbele yake, na tui zito lililomo katika samaki wa kupaka, na mafuta ya bajia ambayo kijiko chake kimoja kikubwa ni kalori 120. Yeye husema, na ni mkweli katika nia yake, kuwa ameacha wali. Waislamu wamefundishwa kuihasibu nafsi katika sala na katika mali. Na si aibu kuihasibu katika kikombe. Aandike kila kinachopita kinywani kwa siku 7, na vya kuonja pia, kabla ya kusema kuwa mwili wake umekataa.

Lau mtu atauliza: Na atafanyaje katika walima, na kukataa halwa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba? Jawabu yake ni kuwa kilichosisitizwa katika sunna ni kuitikia mwito. Ama kula, imepokewa katika Sahih Muslim kuwa aliyekwisha kuhudhuria ana khiari ya kula na ya kuacha. Aende, aombe dua, amshike mkono mwenye shughuli, ale tonge 3 za pilau kwa upole; hapana atakayezihesabu.

Wengine huona kuwa dawa ya mizani iliyosimama ni kuzidisha mwendo tu, saa moja ikawa mbili. Khabari ya jambo hili imetoka katika Tanzania. Wahadzabe wanaokaa karibu na ziwa Eyasi huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi na kurina asali, na wanaume wao hutembea kilomita 11 na zaidi kwa siku. Herman Pontzer na wenziwe waliwapima kwa maji yale yale yenye alama, wakatoa khabari zao mwaka 2012. Na ikaonekana kuwa kwa kadiri ya ukubwa wa miili yao, moto wanaoutumia kwa siku haukuzidi ule wa watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Mwili unapozoea kazi nyingi huweka akiba mahali pengine. Wala hilo lisimfanye mtu aache kutembea, kwani kutembea hushusha sukari ya damu, hutia nguvu moyo, huzilinda nyama za viungo zisiondoke pamoja na mafuta, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi. Lakini asitegemee miguu kulipa deni la kinywa.

Basi akishajua ni wapi panapovuja, apunguze hapo, na apunguze kidogo. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa kuvunja shahawa mbili, ameeleza kuwa aliyezoea kula kwa wingi hawezi kuhamia katika uchache kwa mara moja, kwani maumbile yake hayatachukua. Akapiga mfano wa anayekula mikate miwili kwa siku naye ataka kurudi katika mmoja: kila siku apunguze sehemu moja katika 28 za mkate, na kwa mwezi mmoja atafika bila ya kudhurika, na akitaka hufanya kwa mizani, na akitaka kwa kukadiria kwa macho. Mwenye vijiko 3 vya chai naye aache nusu kijiko kila wiki, na ulimi hautaona khitilafu kubwa. Na njaa ile iliyoongezeka aipe vyakula vinavyokaa tumboni: samaki wa kuchoma, kunde na mbaazi zisizotiwa tui jingi, mchicha, na matunda yenyewe badala ya maji yake.

Ama sanamaki ya kila usiku, ni kudanganya mizani. Dawa hiyo hufanya kazi katika utumbo mkubwa, na chakula kimekwisha kunyonywa katika utumbo mdogo. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na chumvi hizo zikipungua sana moyo huenda mrama. Na Mtume (s.a.w.) aliwakataza sahaba zake kuunganisha saumu siku kwa siku bila ya kufuturu, na Salman (r.a.) alipomzuia Abu Dardai (r.a.) asiuchoshe mwili wake kupita kiasi kwa ibada, Mtume alimsadiki Salman. Ikiwa katika ibada imekuwa hivyo, basi katika kutafuta wembamba ni zaidi.

Saumu ya Jumatatu na Alkhamisi ni sunna, na mwenye kuifunga kwa ajili ya Mungu akapata na siha, amepata kheri mbili. Lakini atazame futari yake. Kwani mtu aweza kushinda na njaa tangu alfajiri, kisha kwa viazi karai na tambi za sukari akala katika nusu saa zaidi ya alichokiacha mchana.

Na mwenye maradhi ya sukari anayetumia sindano ya insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, asipunguze chakula wala asifunge saumu ya sunna mpaka amwambie tabibu wake, kwani dawa iliyokadiriwa kwa sahani ya zamani, chakula kikipungua, huweza kushusha sukari ya damu hatta mtu akaanguka njiani. Na mwenye dawa za shinikizo la damu naye apimwe upya kila anapopungua kilo kadhaa. Huenda kiasi cha dawa kikawa kimezidi haja yake, akawa anaona kizunguzungu anapoinuka katika sijda, akadhani kuwa ni udhaifu wa njaa.

Wallahu aalam.