Mchukue, Uende Naye

Wadogo zangu! Leo naongea na wenye watoto wa miaka mitatu hadi sita. Juzi mmoja wenu alinisimamisha sokoni Mwanga: "Dada, Jumamosi mwanangu ananimaliza, na hapa Kigoma hakuna pa kumpeleka." Neno lile nimelala nalo. Mdogo wangu, huko huko unakokwenda kila wiki, mchukue, uende naye.

Anza na mwalo wa Kibirizi unapofuata dagaa. Mwambie tangu jana yake, alale akijua ana safari. Mpe kikapu chake na kazi ya kweli: ndimu atabeba yeye. Akichutama kuwatazama akina mama wanaoanika dagaa, chutama naye. Ipo siku atakuta mwalo umepoa na atauliza dagaa wamekwenda wapi. Usimjibu "twende, tunachelewa." Mweleze kwamba wavuvi huwavuta dagaa kwa taa gizani, lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi hupumzika. Usiku mtoe uani auone huo mwezi. Wangu ana miaka minne, na siku hizi akiuona umejaa hunitangazia: "Mama, kesho dagaa hakuna!"

Jumapili mwachieni babu. Ampeleke stesheni, amwonyeshe mahali reli inapoishia. Reli hiyo ilifika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Mtoto lazima atauliza, "Treni ikitaka kuendelea je?" Hapo babu amsimulie habari za Liemba: meli iliyotengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakanyang'anywa vitani. Ikalala ziwani hadi mwaka 1924 ilipoibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Meli iliyolala chini ya maji miaka minane ikaamka! Mtoto gani atataka hadithi nyingine usiku huo?

Bibi yuko Ujiji? Nendeni kwa daladala, akae dirishani. Mkifika, zungukeni kwa mafundi wa mitumbwi, aone mbao zinavyozibwa nyufa kwa pamba ili maji yasipenye. Kwenye miembe ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, msimchoshe kwa historia. Akipenda kuokota majani, aokote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, zaidi ya mita 1,400, na sehemu nyingine hatua chache tu toka ukingoni maji yamemfika mtoto kifuani. Mkiwa ufukweni, mkono wako umfikie wakati wote na simu ikae mkobani. Msimwachie kaka yake wa miaka minane kazi ya kumlinda. Naye ni mtoto. Maji yaliyotuama kwenye majani asiyachezee, kuna kichocho. Na maji ya kunywa myachemshe nyumbani, myabebe.

Najua mtasema muda hautoshi. Nami nilikuwa hivyo: nilimkokota mwanangu mkono, kila swali nikalizima kwa "nyamaza kwanza." Baada ya miezi michache akaacha kuuliza. Ukimya ule uliniuma kuliko kelele zote, na kumrudishia maswali yake kulinichukua muda mrefu. Ndiyo maana nawasihi: ongezeni nusu saa tu kwenye safari mliyokwisha kuipanga, mtembee mwendo wake.

Jioni, mkishaketi kwenye ugali na dagaa wa mawese, mwambieni amsimulie baba alichokiona. Asikatizwe wala asisahihishwe, hata akisema samaki alikuwa mkubwa kama bajaji.

Na wewe uliyenisimamisha Mwanga, Jumamosi hii mtafutie kikapu. Mimi na wangu tutakuwa Kibirizi asubuhi.