YESU ALIPOSIKIA KIU

Kusoma: Yoane 19:28-30, Yoane 4:5-30, Marko 15:23, Kutoka 17:1-7, Zaburi 63



Katika sala za asubui ulizo moja limerudi mara mingi: Yesu aliposema juu ya musalaba kwamba ana kiu, ilikuwa kiu ya maji ao kiu ya roho? Wamoja wanajibu kwa haraka kwamba ilikuwa ya roho tupu, sababu Mwana wa Mungu hawezi kulilia maji kama sisi. Mimi sikubali. Sipendi mabishano, lakini jibu tunalotoa hapa linaonekana kisha katika namna tunavyotendea mugonjwa.

Tuanze na mwili, kwa sababu Injili yenyewe inaanza nao. Yesu alikamatwa usiku, hakulala. Walimupeleka kwa Ana, kwa Kayafa, kwa Pilato. Alipigwa mijeledi. Marko anasema walimusulibisha saa tatu, na akakata roho nyuma ya saa tisa. (Zile saa zinahesabiwa kama zetu za Kiswahili, si kama saa ya Kifaransa iliyo kwenye oreri ya kalasi. Saa tatu ni asubui, jua likiwa linapanda. Saa tisa ni muchana.) Mutu aliyemwaga damu nyingi, anayetoka jasho, mikono imenyoshwa, lazima asikie kiu. Tumejifunza katika biolojia kwamba zaidi ya nusu ya uzito wetu ni maji. Damu ikipunguka, mwili wote unadai maji. Hapa hakuna fumbo la kutafuta.

Angalieni tena kitu kimoja ambacho wasomaji wengi wanapita. Walimutolea kinywaji mara mbili. Mara ya kwanza, mbele ya misumari, ilikuwa divai iliyochanganywa na manemane. Inazaniwa ilikuwa ya kupunguza maumivu, na Yesu akaikataa. Mara ya pili ilikuwa siki, ndiyo divai chungu ambayo askari wa Roma walikuwa wanakunywa pamoja na maji. Hii aliipokea, tena yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Basi hakukataa kila musaada, kana kwamba kuteseka zaidi ni utakatifu zaidi. Siki haikuondoa maumivu, lakini ililowanisha kinywa kilichokauka, na kisha akasema neno lake la mwisho ambalo Yoane ameliandika.

Mafundisho ya kwamba Yesu hakuteseka kwa kweli si mapya. Mwanzoni mwa karne ya pili kulikuwa watu waliosema kwamba alionekana tu kama mwenye mwili. Ignasio, askofu wa Antiokia, aliandika juu yao akiwa amefungwa minyororo, askari wakimupeleka Roma auawe. Aliuliza: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, mimi nimefungwa juu ya nini? Ulizo lile lilitoka kwa mutu ambaye ngozi yake ilikuwa inauma.

Na kiu ya roho? Iko, wala siiondoi. Ni Yoane peke yake anayetupa kisima cha Samaria na neno hili la musalaba. Kule kisimani ilikuwa saa sita, jua kali, na Yesu amechoka. Anaomba maji kwa mwanamuke Musamaria, kisha anamuambia juu ya maji yanayoleta uzima wa milele. Yoane hatuambii kama Yesu alipata kunywa. Anatuambia tu kwamba mwanamuke aliacha mutungi wake, akakimbia kuita watu wa muji. Yule aliyeahidi maji yale ndiye tunayemukuta musalabani, kinywa kikavu. Lakini Yoane hakutumia kiu ya roho ili kufuta ile ya mwili. Hata Zaburi 63, inayosema juu ya kumuonea Mungu kiu, kichwa chake kinaiweka katika jangwa la Yuda. Aliyeiimba alijua jangwa. Sisi tunaopanga mustari na bidoni kwenye robine, na maji yanakatika mbele zamu yetu haijafika, tuko na bahati moja: tunaweza kuisoma bila kamusi.

Wengine wanasema mateso yanaleta mutu kwa Mungu. Mara ingine ndiyo, mara ingine hapana. Luka anaonyesha watu wawili kando ya Yesu, misumari ileile, jua lilelile: mumoja anatukana, mumoja anaomba. Kama maumivu yenyewe yangefundisha, wote wawili wangeomba. Na Waisraeli kule Refidimu, kiu ilipowabana, waliuliza kama Mungu yuko kati yao ao hapana. Someni vizuri lile ambalo Mungu anafanya. Anamuambia Musa apige mwamba, watu wanywe. Maji yalikuja mbele ya mahubiri.

Wazazi wetu wa Kivu wanakumbuka mwezi wa saba wa 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Goma kutoka Rwanda kwa siku chache. Udongo pale ni mawe ya volkano, kuchimba kisima ni shida, na watu wakanywa maji ya ziwa. Kolera ikaingia, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Mugonjwa wa kolera anaweza kupoteza litri moja ya maji kwa saa moja. Mutu wa namna ile ukimuambia «Vumilia, Mungu anakufundisha», umemunyima kikombe ambacho hata askari wa Roma hakumunyima Yesu.

Kwa hiyo muniruhusu niandike hapa, katikati ya somo la Biblia, kile ambacho kila nyumba ya kulala inapaswa kujua: litri moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote sawa, bila mulima juu. Mugonjwa wa kuhara anywe kidogo kidogo, na mumoja akimbie kuita muganga. Muombee pia, tena karibu yake, mukishika kikombe.

Siku ya Alhamisi, nyuma ya masomo, tutaendelea na Kutoka 17 katika kalasi ya sita. Kila mumoja alete Biblia yake na ulizo hili: Waisraeli walikosa kwa kuomba maji, ao kwa namna walivyoomba?