Binti Afundishwe Kupaza Sauti

Wazazi wengi, binti yao atokapo nyumbani jioni, humwonya juu ya mtu mmoja tu: mgeni aliyejificha gizani. Humwambia asipite kichakani, asikawie dukani, asizungumze na asiyemjua. Maonyo hayo si mabaya, nasi hatuyapingi. Lakini yamlinda binti mahali pamoja na kumwacha wazi mahali pengi. Mwaka 2009 ulifanyika katika Tanzania uchunguzi mkubwa juu ya ukatili watendewao watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Wasichana na wanawake vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, na karibu 3 katika kila 10 walijibu ya kuwa walitendewa ukatili wa kingono kabla hawajatimiza miaka 18. Mahali palipotajwa mara nyingi kuliko pengine po pote si kichakani; ni nyumbani kwa mtu. Ikafuata njia ya kwenda na kurudi shule. Wageni walitajwa, ni kweli, lakini majirani nao walitajwa kwa wingi. Basi wakati sisi twatia komeo usiku, mara nyingi adui ameshaingia mchana kwa kubisha hodi, akapewa na kiti.

Tukikubali hayo, hatuna budi kuyatazama upya malezi yetu wenyewe. Twamsifu binti mpole, ainamishaye macho, asiyebishana na mkubwa, aitikaye "abee" aitwapo na kwenda mbio atumwapo. Sifa hizo ni njema, wala hatutaki mabinti zetu wawe wajeuri. Ila mtu mwovu azijua sifa hizo kuliko sisi, naye hujenga juu yake. Haanzi kwa nguvu. Huanza kwa jambo dogo: salamu ya mkono isiyoachia, mzaha usiofaa, noti ya shilingi elfu mbili ya kununulia chipsi, kumtuma binti alete kitu chumbani na kumfuata nyuma. Kila mara hutazama binti atafanya nini. Akinyamaza kwa adabu, husogea hatua nyingine. Na neno lake la mwisho karibu daima ni lile lile: usimwambie mama. Twasema wazi ya kuwa mkubwa ye yote amwambiaye mtoto neno hilo ameshaivua mwenyewe heshima ya ukubwa wake, na mtoto ajue hivyo tangu angali mdogo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Nchini Kanada, wanawake 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vijitabu. La pili lilifundishwa kwa saa 12 kutambua hatari, kukataa kwa maneno, na kupigana panapobidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vijitabu walikuwa karibu 10 katika kila 100. Katika kundi lililofundishwa walikuwa karibu 5. Kilichotuvutia sisi katika masomo yale si ngumi. Ni kule kuzungumza juu ya kizuizi kilichomo moyoni: ya kuwa mwanamke akishikwa na asiyemjua hupiga kelele mara moja, bali akishikwa na rafiki, au shemeji, au mtu ampaye kazi, hukawia, akiogopa kuonekana mkorofi. Dakika ile ya kukawia ndiyo aitakayo mwenye nia mbaya.

Mtu asiseme ya kuwa hayo ni ya Wazungu. Katika vitongoji vya maskini vya Nairobi wasichana wa sekondari wamefundishwa masomo ya namna hiyo, saa mbili kwa juma kwa majuma sita. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2013, karibu wasichana 25 katika kila 100 walisema kabla ya masomo ya kuwa walishambuliwa katika mwaka uliotangulia. Miezi kumi baada ya masomo walikuwa 9. Zaidi ya nusu yao walisema wameshayatumia waliyofundishwa kumzuia mtu. Kundi lisilofundishwa lilibaki karibu pale pale. Hatutaki kumdanganya msomaji: majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuonyesha daima punguzo kubwa kama hilo, wala masomo peke yake hayatoshi. Lakini yasaidia. Huko Korogocho hata mabibi vikongwe, wengine wamepita miaka 70, wamejifunza kupiga ngumi na kupiga makofi ya nguvu juu ya mifuko ya mazoezi. Atazamaye picha zao hucheka kwanza, kisha huacha kucheka, kwani mabibi hao hawakwenda pale kwa mchezo.

Masomo hayo huanza na sauti. Binti asimame miguu imara, amtazame mtu usoni, sauti yake itoke tumboni, na neno lake liwe fupi, lisilo na sababu ndani yake. Hili la mwisho ni gumu kwetu. Mabinti zetu wamezoea kukataa kwa udhuru: mama ananingoja, leo naumwa, labda kesho. Udhuru una majibu. Mama atangoja kidogo, dawa ninayo, basi kesho nitakupitia. Lakini "Sitaki, ondoa mkono wako" haina jibu. Tena ikisemwa mbele za watu, ndani ya daladala mathalan, aibu yahama kwa msichana na kumwendea mwenye kosa. Na ni afadhali amwonyeshe mtu wazi: "Wewe mwenye shati la bluu, ondoa mkono wako." Abiria wote watageuka kulitazama shati la bluu. Mama na afanye mazoezi haya na binti zake jikoni, jioni moja. Mara ya kwanza watacheka wote wawili na sauti haitatoka. Haidhuru, warudie kesho.

Wazee wetu waliijua nguvu ya yowe. Wasukuma wana mwano, yaani mlio wa hatari, nao kila ausikiaye ni wajibu wake kutoka mbio. Akaaye kitako huulizwa baadaye alikuwa wapi. Mjini watu husikia na kufunga madirisha. Kwa hiyo apigaye yowe mjini na ataje mtu kwa jina, jirani au mwenye duka la karibu, kwani aliyeitwa kwa jina huona haya kujifanya kiziwi. Lakini asiite "mwizi," hata kama aona neno hilo litaleta watu upesi. Tumekwisha kuona linaleta nini: mawe, magongo na moto, na mtu akauawa kabla hajaulizwa neno lo lote, pengine siye mwenyewe.

Sauti isipotosha, mwili nao una kazi. Mkono ukishikwa, usiuvute nyuma tu. Uuzungushe na kuuchomoa kwa upande wa kidole gumba cha aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Kiwiko na goti vyashinda ngumi kwa asiyezoea kupigana. Mahali panapouma ni macho, pua, koo na kinena, na mguu ukanyagwao kwa kisigino. Apige kwa nguvu zake zote huku akipaza sauti, na mara apatapo nafasi akimbilie penye watu na taa, kwani shabaha yake si kushinda bali kuondoka. Mwenye silaha akitaka mkoba au simu, apewe. Simu hununuliwa nyingine. Tena wapo ambao mwili wao hukauka kwa hofu, wasiweze kunyanyua hata mkono wala kutoa sauti. Hali hiyo yajulikana kwa waganga. Ni kazi ya hofu katika mwili, wala si dalili ya kukubali. Mzazi amwulizaye binti yake, "Mbona hukupiga kelele?" aongeza jeraha juu ya jeraha.

Wako waulizao kama yafaa mwanamke Mkristo kumpiga mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafuata mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino: kuutetea uhai wako ni haki, mradi nguvu isizidi haja. Sheria za nchi yetu nazo zamruhusu mtu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Katika Biblia tunaye Susana, ambaye habari yake imo katika kitabu cha Danieli. Waliomwotea bustanini hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa wazee wawili, tena waamuzi wa watu, waliozoea kuingia nyumbani kwa mumewe, nao walitumaini ya kuwa woga wa aibu utamfunga kinywa. Susana akapiga kelele. Na kwa habari ya yule aliyezidiwa nguvu, Mtakatifu Augustino aliliamua neno hilo zamani sana, baada ya Roma kutekwa mwaka 410, wanawake wengi wakanajisiwa na askari. Aliandika katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu ya kuwa usafi ni wa moyo, nao hauwezi kuondolewa na dhambi ya mtu mwingine. Karne kumi na sita zimepita, na bado ziko nyumba ambamo binti wa namna hiyo huangaliwa kama chombo kilichovunjika.

Juu ya mwendo wa kila siku hatutasema mengi, kwani akina mama wenyewe wayajua: kwenda kisimani na kuni kwa makundi, kutumia bodaboda wa kijiwe kinachojulikana na kumwonyesha mtu namba ya pikipiki kabla ya kupanda, kukataa lifti ya mtu asimamaye njiani pasipo kuombwa. Wanafunzi wapangao vyumba mitaani kwa sababu shule iko mbali na kwao wako katika hatari zaidi, na wazazi wa kijiji kimoja wangefanya vema kuwapangishia pamoja, nyumba moja, kwa mama mtu mzima, badala ya kila mmoja chumba chake.

Lakini yupo binti mmoja asahauliwaye hata katika familia zisalizo rozari kila jioni. Ni msichana wa kazi. Ametoka kwao Iringa, au Singida, au Kigoma, pengine na miaka 15. Alala sebuleni au stoo isiyo na kitasa. Simu hana, ndugu hana karibu, mshahara wake umo mkononi mwa wenye nyumba. Mwenye nyumba akimwendea usiku, au kijana wake, au mgeni aliyelazwa pale, huyo binti atampigia nani kelele? Mama mwenye nyumba humtuhumu yeye kwanza. Twaona haya kuandika habari hii, lakini haya zaidi ni kuinyamazia. Amwajiriye msichana na ampe mlango wenye komeo la ndani, na ruhusa ya kuzungumza na mama yake kwa simu kila juma, faraghani, tangu siku ya kwanza.

Ikiwa baya limekwisha kutendeka, saa zina thamani. Binti apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai kitu baada ya muda huo. Nazo zaanza kufaa zaidi zikimezwa mapema. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi au kufungwa katika kitambaa, si mfuko wa plastiki, maana plastiki huziozesha alama zitakiwazo na mahakama. Katika vituo vingi vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, lenye askari waliofunzwa kazi hii, ambapo hupatikana fomu ya PF3. Lakini matibabu yasingojee karatasi. Mtoto aweza kupiga simu namba 116, nayo haina malipo.

Hapo ndipo huja wazee wa pande mbili na neno lao la kumalizana nyumbani. Mbuzi, fedha kidogo, wakati mwingine hata ahadi ya kumwoa binti, jambo lituchukizalo kuliko yote. Sheria ya mwaka 1998 yampa mtu mzima aliyebaka kifungo kisichopungua miaka 30, wala haimpi baba wala mjomba uwezo wa kukiuza kifungo hicho kwa mbuzi. Walimalizapo nyumbani, binti huendelea kukutana na yule mtu kisimani na kanisani, na binti wa jirani huwa wa pili.

Aendapo kituoni, binti aandamane na mtu mzima amwaminiye, mama yake mdogo au shangazi, aliye tayari kungoja naye benchini tangu asubuhi hata jioni, na kurudi naye mahakamani mara ya tatu na ya nne, kwani kesi hizi huahirishwa, na mshtakiwa hutumaini ya kuwa mashahidi watachoka.