Kung'arisha Injini ya Pikipiki: Mahali pa Kupiga Msasa na Mahali pa Kuacha

Katika barabara ya Webuye kuelekea Kitale, pale Lugulu, pikipiki hazipumziki. Zinabeba wagonjwa, wanafunzi na magunia ya mahindi tangu alfajiri. Siku injini inapofunguliwa, wenye pikipiki wengi humwomba fundi aing'arishe kabla ya kuifunga, ili kava zilizoganda mafuta na vumbi jekundu zirudi kupendeza. Ni kazi inayoweza kumpa kijana kipato. Lakini msasa huohuo ukipita mahali pasipofaa huua injini iliyokuwa nzima, na mwenye pikipiki huenda bado analipa mkopo wake.

Jua kwanza unachoshika. Kava ya klachi, kava ya magneti na hedi ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Inapopoa, juu yake hufanyika ngozi ngumu iliyoshikamana, na chini ya ngozi hiyo huenda pakawa na vitundu vidogo vya hewa. Fundi akiila kava kwa grenda hadi ndani, anaweza kuona inatoka jasho la oili ingawa haina ufa wowote. Kwa hivyo ondoa kidogo tu. Jiwe la grenda la kusagia chuma lisiguse alumini hata kidogo: hujaa, hupata moto na linaweza kupasuka usoni mwako.

Vua kava kabla ya kuanza. Vumbi la msasa likiingia ndani ya injini husaga beringi na pistoni. Toa grisi kwa mafuta ya taa na brashi, mahali penye hewa na mbali na moto. Wengine hutumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, kwa sababu husafisha haraka. Usiitumie. Hula alumini yenyewe, na hewa inayotoka hapo hushika moto.

Vinundu na mistari iliyoachwa na kalibu huondolewa kwa tupa laini. Paka chaki kwenye meno ya tupa ili alumini isinate. Kisha chukua msasa wa maji: namba 240, halafu 400, 600 na 1000, ukiulowesha kila mara kwa maji ya sabuni. Kila unapobadilisha namba, badilisha pia mwelekeo wa mkono, ukate mistari ya kwanza mpaka isionekane. Anayeruka kutoka 240 hadi 1000 hujidanganya. Atasugua mchana kutwa na mikwaruzo ibaki palepale. Malizia kwa dawa ya kung'arishia vyuma na kitambaa cha pamba. Ukitumia gurudumu la kung'arishia linaloendeshwa na mota, vaa miwani na barakoa, lakini vua glavu na ukunje mikono ya shati, maana gurudumu hushika kitambaa na kuvuta mkono.

Sasa mahali pa kuacha. Pa kwanza ni ule uso bapa ambapo gasketi hukaa. Mkono hauwezi kuusugua bila kuubonyeza upande mmoja, na bonde lisiloonekana kwa macho linatosha kuvujisha. Pikipiki nyingi za boda hubeba oili lita moja na kidogo tu, kwa hivyo hakuna akiba ya kuchezea. Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha plastiki au mti.

Pa pili, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, ni ukuta wa ndani wa silinda. Utaona mistari myembamba inayopishana kama wavu. Si uchafu. Imewekwa kwa makusudi ili ishike oili ya kulainishia ringi za pistoni. Ukiusugua ukawa kama kioo, ringi hazitakaa vizuri na pikipiki itaanza kutoa moshi wa buluu. Mapezi ya kupozea yaoshe matope, basi.

Namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma nayo isiguswe. Imeandikwa kwenye logibuku, na ikifutika mwenye pikipiki atashukiwa kwamba ameinunua kwa wezi.

Anayetaka kujifunza kwa mpangilio aulize katika chuo cha ufundi kilicho karibu. Vyuo hivi vya mashinani viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Fundi aliyejifunzia gereji naye anaweza kufanya mtihani wa NITA akapata cheti.

Kabla ya kumpa mteja pikipiki, osha kila kipande, weka gasketi mpya na ukaze bolti kwa kupishana, kidogo kidogo. Isimamishe kwa stendi kubwa, uwashe dakika kumi huku katoni kavu iko chini. Likianguka tone hata moja, fungua tena.