Rimu kubwa, springi fupi: hesabu ya mwenye Subaru ya kila siku

Mfanyabiashara anayeagiza Subaru Impreza WRX iliyotumika kutoka Japani hununua gari la mwendo kasi, lakini hulitumia kama gari la kazi. Ndilo humpeleka dukani asubuhi, benki mchana na harusini Jumamosi. Baada ya miezi michache huja kishawishi cha pili, nacho ni rimu za inchi 18 na springi fupi za kulishusha gari. Wengi huyahesabu matumizi hayo kama kuongeza thamani ya gari. Kwa hesabu za kibiashara, sivyo ilivyo.

Chukulia mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye shilingi 4,000,000 mkononi. Anapewa bei hizi, ambazo ni za mfano tu: rimu nne 1,600,000, matairi manne 1,200,000, springi fupi 700,000, ufundi, alaimenti na vikorokoro vingine 500,000. Fedha yote imekwisha. Baada ya miaka miwili anauza gari. Matairi yameisha, gharama ya ufundi hairudi, na springi fupi mnunuzi hazitaki. Rimu akizifungua na kuziuza peke yake, zikiwa hazijapinda, pengine atapata nusu ya bei, yaani 800,000. Shilingi 3,200,000 zimeyeyuka.

Hiyo ni hasara inayoonekana. Fedha hiyo kama ingeingia dukani na kuzunguka kila baada ya miezi miwili kwa faida halisi ya asilimia 8, ingezaa 320,000 kwa kila mzunguko, sawa na 1,920,000 kwa mwaka, hata kama faida yenyewe isingerudishwa kwenye mtaji. Wahasibu huiita gharama ya fursa. Mwenye duka huikuta siku mteja anapoulizia bati na bati hakuna.

Hata hivyo, si kwamba gari liachwe lilivyo. Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 mara nyingi limechoka chini: shokapu zinavuja mafuta, bushi zimepasuka, boljointi zinagonga. Mwenye gari hulalamika kwamba linayumba kwenye kona, kisha hukimbilia rimu. Kona ya gari ikibonyezwa kwa nguvu na kuachiwa, halafu ikaendelea kunesanesa, shokapu ya upande huo imekufa. Tairi lililoliwa kwa mabaka hutoa ushahidi huo huo. Kwa bei za mfano wetu, shokapu nne, bushi, boljointi na matairi manne mazuri ya saizi ya kiwandani ni 1,900,000. Dereva atahisi tofauti siku ya kwanza, na 2,100,000 zinazobaki zinarudi rafuni, ambako kwa kiwango kile kile huzaa 168,000 kwa mzunguko.

Sasa saizi zenyewe. Tairi la 205/55R16 lina upana wa milimita 205, na ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Kipenyo chake chote ni karibu milimita 632. Tairi la 225/40R18 lina kipenyo cha karibu milimita 637, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana. Kilichopotea ni ubavu, ambao umebaki milimita 90. Ubavu ndio unaopokea shimo kabla shimo halijaifikia rimu. Barabara ya Dar es Salaam baada ya mvua za masika haimsamehei aliyepunguza zaidi ya sentimita mbili za mpira.

Mzigo nao usisahaulike. Tairi lenye namba 91 hubeba kilo 615. Lenye namba 88 hubeba kilo 560. Mwenye duka anayepakia mifuko ya saruji nyuma ya Subaru (nao wapo) aisome namba hiyo kabla ya kulipa. Saizi inayotakiwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva.

WRX huendeshwa na magurudumu yote manne, na jambo hili lina gharama yake. Matairi yote yanapaswa kulingana kwa kipenyo, la sivyo difu ya katikati hufanya kazi muda wote na kupata joto. Shimo moja likipasua tairi moja huku mengine yamekwisha nusu, mara nyingi hununuliwa manne.

Kushusha gari ndiko kuna ubishi zaidi. Vijana hutaja ushindi wa Subaru katika Safari Rally ya Kenya, wa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Lakini magari yale yalinyanyuliwa, hayakushushwa, kwa sababu timu zilizijua barabara zenyewe. Gari likishushwa milimita 30, nafasi ya shokapu kucheza hupungua na kila tuta huishia kwenye raba ya kuzuia. Magurudumu hulalia ndani, na alaimenti isiporekebishwa, matairi huliwa upande ambao mwenye gari haoni. Kukata springi kwa grainda ni rahisi zaidi na kubaya zaidi.

Anayeshikilia kununua rimu apime vitu viwili. Impreza WRX hadi mwaka 2014 zina matundu matano kwenye mduara wa milimita 100, wakati STI kuanzia 2005 ni milimita 114.3. Tundu la katikati ni milimita 56.1. Rimu za Toyota zenye mduara wa 100 huwa na tundu la 54.1, kwa hiyo haziingii mpaka zichongwe. Zilizotumika zizungushwe kwenye mashine ya balansi kwanza, ili zilizopinda au kuchomelewa zijulikane muuzaji akiwapo. Matairi yana tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Yenye kashata nene yanaweza kuwa na miaka kumi.

Kampuni ya bima ipewe taarifa ya mabadiliko kwa maandishi. Rimu, springi na nati za kiwandani ziwekwe stoo, zisiuzwe wala kupewa fundi kama sehemu ya malipo. Mnunuzi makini huinama chini ya gari kabla hajafungua boneti, akauliza springi za awali ziko wapi, na asipopata jibu bei huanza kushuka hapo hapo.