Ponti ya motokari nayo inapumua



Hapa kwetu Katanga mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Vijito vinapanda juu ya barabara za mashamba na za vijiji. Shofere akifika mbele ya maji anawaza juu ya injini tu. Lakini chini ya motokari kuna kiungo kingine kinachokunywa maji kimyakimya: ponti ya nyuma.

Kwa nini ukurasa wa afya unasema habari za garaji? Kwa sababu motokari ndiyo inayobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye malaria kali na mfanyakazi aliyevunjika mguu. Ponti ikifa kilometa 30 kutoka hospitali, anayelipa ni mgonjwa.

PUA YA PONTI

Ndani ya ponti meno ya chuma yanazunguka katika mafuta mazito. Yakizunguka sana, mafuta na hewa ya ndani vinapata moto. Hewa ya moto inavimba na kutafuta njia ya kutoka. Ndiyo sababu juu ya ponti kuna kitundu chenye kifuniko kidogo. Hapa tutakiita pua.

Sasa ponti yenye moto inaingia katika maji ya baridi. Hewa ya ndani inapoa ghafula na kupungua, na ponti inavuta pumzi. Pua ikiwa chini ya maji, inavuta maji na matope. Na ikiwa imezibwa na udongo? Wakati wa moto, mafuta yanasukumwa nje kupitia mipira ya kando na kulowanisha freni. Wakati wa baridi, maji yanaingia kwa njia hiyohiyo.

Tupime. Gurudumu la 7.50-16 lina kimo cha karibu sentimeta 80, basi katikati yake ni sentimeta 40 tu. Maji yanayofika magotini mwa mtu mzima yanatosha kufunika ponti.

KUREFUSHA PUA

Motokari ya kampuni haiguswi bila ruhusa ya mkuu wa garaji. Kwa motokari yako, angalia kwanza: nyingine zimetoka kiwandani na tiyo tayari. Kama haina, fanya hivi pamoja na fundi:

1. Ngoja ponti ipoe. Zuia magurudumu kwa mawe au mbao. Usiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka viegemeo vya chuma. Kriki ikiteleza, hakuna dawa ya kifua kilichopondwa.

2. Safisha udongo wote kuzunguka pua kabla ya kuifungua, usije ukaanguka ndani. Katika motokari nyingine skrubu ya pua inashika pia tiyo ya freni. Ukikuta hivyo, mwachie fundi.

3. Funga kichwa chenye uzi ule ule, na juu yake tiyo isiyoharibika kwa mafuta, yenye tundu la milimeta 6 hadi 8. Ikaze kwa kolye.

4. Ipandishe tiyo mpaka mahali pa juu, kama ndani ya chumba cha injini. Isikunjwe, isikaribie bomba la moshi. Uiache na ulegevu, maana ponti inapanda na kushuka njiani.

5. Mwisho wa tiyo uangalie chini, ili mvua na vumbi visiingie.

Tiyo hiyo haiponyeshi mipira iliyochakaa, wala haigeuzi motokari kuwa mtumbwi. Maji yanayokwenda kwa nguvu yanasukuma hata motokari nzito. Hapo ngoja yapungue.

ALAMA ZA UGONJWA

Baada ya kuvuka, kanyaga freni polepole mara chache ili zikauke. Motokari ikilala, maji yanashuka chini ya mafuta, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Fundi akilegeza skrubu ya chini, maji yanatoka kwanza. Mafuta yenye rangi ya kahawa ya maziwa yamekwisha kuchanganyika na maji: yabadilishwe upesi, maana kutu na uchakavu vimeanza. Lakini afungue kwanza skrubu ya juu ya kujazia. Ikikataa kufunguka baada ya kumwaga mafuta, motokari haitatoka hapo.

MIKONO NA WATOTO

Mafuta machafu yakikaa kwenye ngozi siku kwa siku, yanaleta vipele na vidonda. Nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Mama wa nyumbani, usikubali mafuta yawekwe katika chupa ya limonadi: mtoto haulizi, anakunywa. Akinywa mafuta au petroli, usimtapishe, maana yanaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke hospitali mara moja, na ile chupa pamoja naye.