Goti Lisilokunjika

Mlango usiofunguliwa siku nyingi, bawaba zake huingia kutu. Ndivyo vilivyo viungo vya mwili. Mtu akivunjika mguu karibu na goti katika shimo la shaba hapa Kolwezi, daktari humfunga plasta, maana mfupa ukitikisika hauungi vema. Lakini siku plasta inapoondolewa mgonjwa hushangaa: mfupa umepona, goti halikunjiki. Hawezi kuchuchumaa wala kupanda baiskeli, na shimoni hashuki tena. Wengine husema wamerogwa. Sivyo.

Ndani ya kiungo ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe na laini. Gegedu halina mishipa ya damu; hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo. Mtu anapotembea, gegedu hubanwa na kuachiliwa kama sifongo, na ute huingia. Kiungo kikikaa kimya, gegedu hukosa chakula chake, na nyama zinazokizunguka hunywea na kushikamana.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kiungo kilichoumia kinahitaji kupumzika tu. Daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, aliona shaka. Tangu mwaka 1970 alijaribu kwa sungura. Baadhi yao alifunga magoti, na wengine aliwawekea mashine ya kukunja na kukunjua goti polepole, mchana na usiku. Gegedu la hao wa pili lilipona vizuri zaidi. Mwaka 1978 fundi John Saringer alimsaidia kutengeneza mashine ya kutumiwa na watu, naye akaanzisha kampuni ya kuziunda, Toronto Medical. Mguu hulazwa juu ya fremu, mota huukunja taratibu, na mgonjwa hatumii nguvu zake.

Je, asiye na mashine hiyo amepotea? Hapana. Mashine yenyewe ilisifiwa kupita kiasi. Mwaka 2014 wachunguzi walilinganisha majaribio mengi ya wagonjwa waliowekewa goti la bandia, wakaona mashine iliongeza kukunjika kwa goti kiasi cha digrii 2 tu. Kwa maoni yangu hiyo ni habari njema kwa nyumba isiyo na umeme.

Basi, daktari akiisha kukuruhusu, lala chali juu ya mkeka. Ndugu yako aweke mkono mmoja chini ya paja, karibu na goti, na wa pili ashike kisigino. Akunje polepole mpaka usikie kuvutwa, angoje kidogo, akunjue. Afanye mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mguu ukipata nguvu, vuta kisigino wewe mwenyewe juu ya mkeka, hata kama huna msaidizi.

Goti likivimba na kuwa la moto, au homa ikipanda, acha, urudi hospitali siku ile ile. Wala usimwite mtu wa kulivuta kwa nguvu: mfupa uliounga juzi waweza kuvunjika tena mikononi mwake.